Hesabu ya Simu Mbele ya Majaji wa London

Chukua namba yoyote iliyo chini ya 65,537. Izidishe kwa 39,827, kisha jawabu uligawe kwa 65,537 na ubakize baki tu. Mwanafunzi wa darasa la saba mwenye kalamu na uvumilivu anaiweza kazi hiyo. Simu ya 4G nayo hutegemea matokeo ya hesabu hiyohiyo kila milisekunde inapokuwa hewani. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo ilifikishwa mahakamani London, ikatolewa ushahidi na wataalamu waliolipwa vizuri, na majaji wa ngazi mbili wakatofautiana: je, aliyeiingiza kwenye simu alivumbua kitu, au alifanya tu ambalo fundi yeyote wa mitandao angelifanya?

Kesi ni ya kampuni ya Optis dhidi ya Apple, na hataza zenyewe, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, zilitokana na kazi ya wahandisi wa LG. Ukisoma hukumu zake utaona kwamba ugomvi wa hataza hizi unasimama juu ya swali dogo la kupanga zamu.

Mtandao wa 4G hauipitishi data kwa wimbi moja nene. Njia ya hewani hukatwa kuwa mawimbi bebezi membamba, kila moja likiachana na jirani yake kwa kilohezi 15. Mawimbi 12 hufanya fungu moja, na kila milisekunde mnara huamua fungu lipi apewe nani: huyu wa Mbagala anayetazama video, au jirani yake anayetuma pesa. Kuanzia toleo la kumi la viwango vya 3GPP (jumuiya ya watunga viwango vya simu), lililokamilika 2011, simu moja iliweza kupewa mikondo hadi mitano ya megahezi 20 kwa wakati mmoja, na amri iliyopita kwenye mkondo mmoja ikaweza kuhusu mkondo mwingine. Kazi ya kugawa zamu ikazidi kuwa nzito.

Lakini simu itajuaje kwamba zamu yake imefika? Mnara huandika maelekezo ya simu zote mwanzoni mwa kila milisekunde, mahali pamoja, bila kuitaja simu mapema. Ni kama matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya elimu ya wilaya: kila mtahiniwa anatafuta jina lake, na akilazimika kusoma karatasi zote, jua litazama. Simu ikisoma kila kitu, betri inaisha. Kwa hiyo kila simu huambiwa ianzie mahali fulani na isome sehemu chache tu. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu simu mbili zikielekezwa mahali pamoja, moja inaweza kukosa nafasi, na kama zitaelekezwa pamoja tena milisekunde inayofuata, na inayofuata, basi kuna mteja mmoja atakayelalamika kwamba bando lake limeliwa na mtandao hauendi.

Dawa ni ile hesabu. Tuseme mnara umezipa simu mbili namba za muda, 100 na 101. Ya kwanza, baada ya kuzidisha na kugawa, inapata baki 50,480. Ya pili inapata 24,770. Namba zilizokuwa bega kwa bega zimetupwa mbali. Kama nafasi za kuanzia ni nane, gawa tena kila baki kwa nane na uchukue baki mpya: ya kwanza inaanzia nafasi ya 0, ya pili nafasi ya 2. Milisekunde inayofuata, zile baki kubwa zinaingizwa upya kwenye hesabu na kuzaa 53,948 na 51,866, yaani nafasi ya 4 na ya 2. Simu zikigongana leo, kesho yake, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, huenda zimeshaachana. Mnara na simu haviambizani chochote kuhusu hayo, kwa kuwa kila upande unapiga hesabu yake na kufika palepale. Waliotunga 5G waliipenda kiasi cha kuibakiza 39,827 na kuiongezea ndugu wawili, 39,829 na 39,839.

Sasa njoo na hesabu hiyo kwa mkaguzi wa hataza.

London ilipata ofisi ya hataza mwaka 1852, Southampton Buildings, kando ya Chancery Lane. Kabla ya hapo mvumbuzi alizungushwa ofisi hadi ofisi. Charles Dickens aliandika mwaka 1850 kisa cha fundi maskini aliyepitia hatua 35 na kulipa zaidi ya pauni 96 ili apate hataza moja, fedha ambazo fundi wa zama zile asingezipata hata kwa mwaka mzima wa kujinyima. Ofisi mpya ilipunguza gharama na mizunguko. Kilichokosekana ni ukaguzi wenyewe. Kwa nusu karne iliyofuata hakuna aliyekuwa na wajibu wa kutazama kama kitu kinachoombewa ni kipya. Kamati iliyoundwa na serikali ilichunguza jambo hilo mwaka 1901 na kukuta kwamba asilimia 42 ya hataza ilizopitia zilihusu vitu ambavyo tayari vilikwisha kuelezwa katika hataza za Uingereza yenyewe. Sheria ikabadilishwa 1902, na kuanzia 1905 wakaguzi wakaanza kupekua kumbukumbu za miaka 50 nyuma.

Utaratibu wa leo unatokana na Sheria ya Hataza ya 1977. Ombi huchapishwa hadharani baada ya miezi 18, mkaguzi hupekua yaliyotangulia duniani kote, humwandikia mwombaji pingamizi zake, mwombaji hujibu, na madai hupunguzwa neno baada ya neno mpaka mmoja achoke au wakubaliane. Ofisi yenyewe ilihamia Newport, Wales, mwaka 1991. London ikabaki na mawakili na mahakama, yaani ikabaki na sehemu ya gharama kubwa. Tena hataza nyingi za simu hazipitii hata Newport, bali hukaguliwa Munich kwenye Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambayo si chombo cha Umoja wa Ulaya, kwa hiyo Uingereza haikutoka humo ilipojitoa kwenye Umoja. Hataza ikishatolewa, anayeshtakiwa kwa kuivunja ana haki ya kumwambia jaji wa London: ifute, mkaguzi alikosea. Ukaguzi unaanza upya, safari hii kwa mashahidi na maswali ya dodoso.

Upya wa kitu si swali gumu sana. Tafuta maandishi ya zamani, ukiyapata umemaliza. Linalowatoa majaji jasho ni swali la pili: je, hatua hii ilikuwa dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani? Mtu huyo ni wa kufikirika. Amesoma kila kitabu cha kazi yake, anazielewa lugha zote za wataalamu wenzake, na hana hata chembe ya ubunifu. (Wengi wetu tumewahi kukaa naye ofisi moja.) Jinsi ya kumtumia ilielezwa vizuri na Mahakama ya Rufani miaka ya 1980 katika kesi ya ubao wa kuteleza majini kwa tanga. Hataza ya chombo hicho ilianguka kwa sababu mwaka 1958 mvulana wa miaka 12 alikuwa amejitengenezea chake na kucheza nacho hadharani kwenye kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Boriti ya kushikia tanga lake ilikuwa ya umbo tofauti kidogo, lakini majaji walisema tofauti hiyo isingemshinda mtu yeyote wa fani.

Kuna kizingiti kingine kabla ya hapo. Sheria ya 1977 inakataa hataza ya njia ya hisabati au programu ya kompyuta ikiwa peke yake. Je, kuzidisha na kugawa si hisabati? Ni hisabati, ila anayedai hataza hadai kuzidisha. Anadai simu inayotafuta maelekezo yake hewani kwa kutumia kuzidisha huko, na mtandao ukaenda vizuri zaidi kwa sababu hiyo. Mstari huo kati ya fomula na kifaa ni mwembamba, na nakiri kwamba kila nikiutazama sana unazidi kupotea.

Katika kesi ya Optis, kilichokuwepo kabla kilikuwa pendekezo la Ericsson kwenye mikutano ya kutunga viwango, lenye fomula yake ya kutawanya simu. Pia njia ya kuzalisha namba za kubahatisha kwa kuzidisha na kubakiza baki ilijulikana tangu D. H. Lehmer alipoieleza mwaka 1949, na imo katika vitabu vya wanafunzi. Mahakama Kuu, mwishoni mwa 2021, ilisema basi: mhandisi akipewa karatasi ya Ericsson, angeipima, angeona inavyochechemea, angefungua vitabu na kufika kwenye jawabu la LG. Hataza zikatupwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu na kuzirudishia hataza uhai wake.

Mimi nina upande katika hili, na ni upande wa rufani. Kila kipande cha hesabu ile kilikuwa kinajulikana, hilo halina ubishi. Ila kukijua kipande na kukihitaji ni mambo mawili. Ukishaoneshwa jawabu, safari ya kulifikia hujipanga yenyewe kichwani kama barabara ya lami, na kila mtu hudai angepita hapohapo. Anayekagua hataza, awe Newport, Munich au Nairobi, kazi yake ngumu kuliko zote ni kujisahaulisha alichokwisha kukisoma katika ombi lililo mezani. Mahakama inapata wiki nzima na wataalamu wa pande mbili kwa kazi hiyo. Mkaguzi wa kawaida ana faili jingine linamngoja.

Na sisi Afrika Mashariki? Kwa miaka mingi hatukuwa na wa kuuliza swali hilo kabisa. Sheria za kikoloni, na zilizoendelea baada ya uhuru, zilisema kwamba aliyepata hataza Uingereza aiandikishe Nairobi, Dar es Salaam au Kampala ndani ya miaka mitatu. Mvumbuzi wa Kisumu au Tanga alilazimika kuvumbua mbele ya mkaguzi wa London kwanza. Tanzania ilitunga sheria yake ya hataza 1987, Kenya 1989, Uganda 1991. Shirika la kanda, ARIPO, lilitokana na mkataba wa Lusaka wa 1976, na Itifaki ya Harare ya 1982 ikalipa uwezo wa kukagua na kutoa hataza kwa niaba ya nchi wanachama. Kwa karatasi, London imetuachia.

Kwa fedha haijatuachia. Anayemiliki hataza iliyomo kwenye kiwango cha 4G huahidi kuitolea leseni kwa masharti ya haki, yenye busara na yasiyobagua. Bei ya haki ni ipi? Mwaka 2017 Jaji Colin Birss, katika kesi ya Unwired Planet dhidi ya Huawei, aliipanga kwa dunia nzima, ingawa hataza zilizokuwa mbele yake zilikuwa za Uingereza tu. Katika hatua za awali za kesi hiyo hataza mbili zilithibitika na mbili zikafutwa kwa kuwa dhahiri, jambo linaloonyesha kwamba hata zilizokwisha kukaguliwa hupona nusu kwa nusu zinapofika kizimbani. Tarehe 26 Agosti 2020 Mahakama ya Juu ilibariki mamlaka hayo. Huawei ilikuwa na njia mbili: ikubali leseni ya dunia au izuiwe kuuza Uingereza. Apple nayo, Mei 2025, ilipangiwa na Mahakama ya Rufani dola milioni 502 bila riba, kwa leseni ya dunia ya kuanzia 2013 hadi 2027. Miaka miwili kabla, Mahakama Kuu ilikuwa imesema takriban dola milioni 56. Ukiona namba mbili zinazopishana karibu mara tisa juu ya hataza zilezile, unaruhusiwa kuuliza haki hiyo hupimwa kwa ratili gani.

Katika mpango wa Birss, dunia iligawanywa mafungu mawili: masoko makubwa kwa upande mmoja, na upande wa pili China pamoja na masoko mengine, kwa kiwango cha chini zaidi. Viwango vyote vilikuwa chini ya moja ya kumi ya asilimia moja ya bei ya kifaa, kwa hiyo kwa simu moja ya Kariakoo au Luthuli Avenue ni sarafu za chenji, ingawa wenye hataza ni wengi na kila mmoja anataka chenji yake. Hoja yenyewe ndiyo inayopaswa kutushughulisha. Nchi isiyo na hataza iliyoandikishwa ilitozwa kiwango cha China kwa sababu vifaa hutengenezwa China, ambako hataza ipo.

Hoja hiyo ilikuwa rahisi kutetea wakati simu nyingi zilitoka China. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu za 4G kilizinduliwa Athi River, kaunti ya Machakos nchini Kenya, kwa ushirikiano wa Safaricom, Jamii Telecom na TeleOne, na simu yake ya bei ya chini ikauzwa shilingi 7,499 za Kenya. Vipuri bado hutoka nje. Siku vitakapotengenezwa Machakos, wakili wa London atahitaji kufungua daftari la Nairobi na la ARIPO kule Harare aone nani aliandikisha nini, na kama mkaguzi wa huko aliwahi kuuliza swali la mtu yule wa kufikirika.