Askari Asiye na Mlango wa Kubisha

Je, umepata kujiuliza askari huenda wapi vita vikiisha? Jana alipewa chakula, nguo na mahali pa kulala. Leo huvua sare na kuambiwa, nenda zako. Wengi hupokewa vema kwao. Lakini wako wasio na mlango wa kubisha.

Tazama Marekani, nchi yenye mali nyingi. Mwaka 1924 askari waliopigana Vita Kuu ya Kwanza waliahidiwa malipo ya shukrani, ila yalipwe mwaka 1945. Kazi zilipokosekana, njaa haikungoja. Mwaka 1932 maelfu yao walikwenda Washington, wengine pamoja na wake na watoto, wakajenga vibanda kando ya mto Anacostia. Tarehe 28 Julai Jenerali Douglas MacArthur aliwafukuza kwa majeshi, na vibanda vikateketea. Malipo yaliidhinishwa mwaka 1936.

Shida haijakwisha. Usiku mmoja wa Januari 2024 walihesabiwa askari wa zamani 32,882 wasio na makao. Zaidi ya 13,000 walilala nje. Tusiseme ni uvivu. Wako wenye majeraha, wako wanaoshtuka usiku kwa ndoto za vita wakakimbilia pombe, na kodi ya nyumba ni ghali mno.

Walakini msaada uliopangwa vema hufaa. Mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000. Wamepungua kupita nusu, hali watu wengine wasio na makao wameongezeka. Kwa njia gani? Serikali huwalipia sehemu ya kodi, na pamoja na hiyo huwapa mtumishi wa ustawi wa jamii wa kuwatembelea, kuwaonyesha kwa daktari na kuwaongoza. Wala hawakuambiwa tena, acha pombe kwanza ndipo upate chumba. Chumba kilitangulia, maana ni vigumu mtu kupona akiwa barabarani.

Nasi je? Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kwa wapagazi wa vita vya 1914–1918. Jina twalitaja kila siku ya soko. Wenyewe tuliwasahau upesi. Basi, kama jirani yako ni askari mzee, usiishie kumwamkia tu. Tazama kama paa lake lavuja. Muulize kama karatasi zake za pensheni ziko sawa, na kama hajui kusoma, keti naye umwandikie barua.