Mshindani Asiye na Kibao Kama Chako

Muulize mfanyabiashara washindani wake ni akina nani, naye aghalabu atakutajia wanaouza bidhaa ileile katika mtaa uleule. Mwenye famasi atataja famasi, mwenye basi atataja mabasi. Jibu hilo ni la kweli, ila halijakamilika. Mshindani ni yeyote ambaye mteja anaweza kumwendea, haja yake ikatimia bila wewe. Ndiyo maana uchambuzi wa ushindani unapaswa kuanza na haja ya mteja, na maduka ya jirani yafuate baadaye.

Mabenki ya Kenya yalijifunza hayo kwa gharama kubwa. Kabla ya 2007, kijana aliyefanya kazi Nairobi na mama yake yuko Siaya alikuwa na njia chache za kumfikishia hela: hawala ya posta, bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, au ndugu anayesafiri. Kwa wengi benki haikuwamo kabisa. Tawi lilikuwa mbali na kijiji, na akaunti ilidai salio la chini ambalo watu hao hawakuwa nalo. Mabenki yalishindana yenyewe kwa yenyewe kwa matawi na riba, na haja hii ikabaki bila mwenyewe.

Safaricom ilikuwa kampuni ya simu. Majaribio ya M-Pesa, huduma yake ya pesa kwa simu, yaliyofanyika 2005 yalilenga watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Washiriki wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa kiini cha mpango, na waendeshaji wakawa na busara ya kulifuata. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilijitangaza kwa jambo moja: kutuma pesa nyumbani. Maduka madogo yaliyozoea kuuza kadi za simu yakawa mawakala wa kuweka na kutoa pesa. Kwa njia hiyo ilifika vijijini ambako kujenga tawi hakungelipa.

Mwishoni mwa 2008, watumiaji wakiwa tayari mamilioni, serikali iliagiza huduma hiyo ichunguzwe. Wakati huo ilielezwa sana kwamba mabenki ndiyo yaliyoshinikiza. Uchunguzi haukuizuia. Kwa maoni yangu, mfanyabiashara anayekimbilia kwa mamlaka ili mwenzake afungiwe huwa ameshachelewa: mteja ameonja njia nyepesi, na hatarudi kwenye foleni kwa kuamriwa.

Waliosoma mwelekeo walifanya vingine. Commercial Bank of Africa, benki iliyojulikana zaidi kwa wateja wa kipato cha juu na yenye matawi machache, iliungana na Safaricom Novemba 2012 kuanzisha M-Shwari, akiba na mikopo midogo kupitia simu. Ikapata mamilioni ya wateja ambao wasingepita mlangoni kwake. Benki ya Equity ilikwenda mbali zaidi. Ilitafuta leseni ya mawasiliano, ikawa na laini yake yenyewe, Equitel, inayopita kwenye mtandao wa Airtel. Benki ikawa kampuni ya simu, baada ya kampuni ya simu kufanya kazi ya benki.

Kutabiri ushindani, basi, hakuhitaji ramli. Kunahitaji kutazama kero ambazo mteja wako anazivumilia kwa sababu tu hana pengine pa kwenda: safari ndefu, fomu nyingi, kusubiri, ada isiyoelezeka. Kila kero ya namna hiyo ni nafasi ya mtu mwingine. Mtazame pia yule ambaye tayari anakutana na mteja wako kila siku kwa jambo jingine, kwa maana yeye ameshajengewa imani ambayo wewe ungeitafuta kwa miaka. Na mteja aliyeacha kuja, mtafute umuulize kwa adabu siku hizi haja ile anaitimizia wapi. Wengi hawaulizi, wakihofia jibu. Lakini jibu hilo ndilo litakalotaja jina ambalo halimo kwenye orodha yako.

Mabenki yaliungana kuzindua PesaLink, njia ya kuhamisha pesa papo hapo kutoka benki moja hadi nyingine, mwaka 2017. Ni huduma nzuri. Ilikuja miaka kumi baada ya M-Pesa.