Wakisema "mrudisheni nyumbani", nani atamhudumia mgonjwa wetu?

[Muziki wa kufungua, kisha unashuka]

Leo tunazungumza na familia zenye mgonjwa ambaye hospitali imesema haiwezi tena kumponya. Tutasema zaidi juu ya Uganda, kwa walioko Kyangwali na Nakivale, kwa sababu huko huduma hii ina historia ndefu. Ulioko nchi nyingine jirani, maswali tutakayoyataja yatakufaa vilevile.

Tuseme mgonjwa ni mama yako. Ana kansa ya mlango wa kizazi. Mlitoka naye Ituri, mkavuka Ziwa Albert, mkafika Kyangwali. Kituo cha afya kiliwapa barua ya kwenda hospitali ya Hoima, na kutoka Hoima mkaenda hadi Taasisi ya Kansa pale Mulago, Kampala. Daktari akasema ugonjwa umeenea, mrudisheni nyumbani. Mmerudi na vidonge vichache vya panado. Usiku mama halali, na nyinyi hamlali.

Hapo ndipo familia hugawanyika. Mmoja anataka mahindi yote yauzwe, mama apelekwe kwa mganga fulani anayeahidi kuponya kansa. Mwingine anasema tuombe tu. Hatumlaumu yeyote, maana anayelala karibu na mtu anayelia kwa maumivu atajaribu lolote. Lakini sikiliza: daktari aliposema hawezi kuponya kansa, hakusema maumivu hayawezi kutulizwa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili lina watu wake.

Watu hao ni wa hospisi. Usifikirie jengo la kupeleka watu wakafe. Nchini Uganda hospisi kwa kawaida ni timu ya manesi na madaktari wanaomfuata mgonjwa nyumbani kwake, au kumwona kliniki na kumrudisha kwake siku hiyohiyo. Hospice Africa Uganda ilianzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman. Mwaka 1998 ikafungua tawi Mbarara, upande wa Nakivale, na jingine Hoima, upande wa Kyangwali. Hospitali kubwa za serikali nazo zina wahudumu waliofundishwa kazi hii. Kwa hiyo, kabla ya kuuza chochote, rudi kituo cha afya cha kambini na karatasi zote za hospitali, umwambie nesi: "Mgonjwa wangu ana maumivu makali. Naomba barua ya kwenda kwa watu wa hospisi." Kama huwezi kufika, mtume mhudumu wa afya wa kijiji chenu, yule mnayemwita VHT.

Ukishawapata, usiogope kuuliza. Swali la kwanza ni hili: mnayo mofini, na nani anaiandika? Mahali pasipo na dawa ya maumivu makali patakupa maneno mazuri, lakini mama ataendelea kulia. Uganda hutengeneza mofini ya maji ya kunywa, na serikali huigharamia ili mgonjwa aliyeandikiwa aipate bila malipo. Tangu 2004, nesi aliyesomea kazi hii maalumu anaruhusiwa kuiandika, si lazima kumngoja daktari. Basi mtu akikudai pesa ya mofini, muulize ni pesa ya nini.

Uliza pia kama wanafika kambini au wewe ndiye utakayesafiri, na mara ngapi. Uliza namba ya kupiga maumivu yakizidi usiku. Halafu uliza lugha. Hili watu hulisahau. Nesi wa Hoima huenda anaongea Kinyoro na Kiingereza, mama anajua Kiswahili na Kilendu. Omba mkalimani mtu mzima ambaye mama anamwamini. Usimtume mtoto wa miaka 10 kumtafsiria bibi yake habari za kidonda cha sehemu za siri. Bibi atanyamaza, na mtoto atabeba mzigo usio wake.

[Muziki mfupi]

Turudi kwenye mofini, maana ndiyo inayoogopwa. Wengine husema ukiianza utakufa kesho. Husemwa hivyo kwa sababu zamani ilitolewa mwisho kabisa, mtu akiwa tayari anakata roho. Ikitolewa kwa kipimo cha nesi, haiharakishi kifo. Wala kwa kawaida haimfanyi mgonjwa mwenye maumivu kuwa mlevi wa dawa. Hunywewa kila saa 4, hata kama maumivu hayajarudi. Ukingoja mpaka aanze kulia, umechelewa. Siku za mwanzo anaweza kusinzia au kusikia kichefuchefu, na hayo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo unapopewa mofini. Akilala usingizi mzito kiasi kwamba huwezi kumwamsha, usimpe tena. Piga ile namba mara moja.

Usimpe jirani dawa ya mama hata kidogo, wala usilinganishe chupa yako na ya mwingine, kwa sababu mofini ya maji ina nguvu tofauti. Ifungie mbali na watoto.

Na mama mwenyewe anasemaje? Mara nyingi sisi watoto hukaa nje ya nyumba tukiamua, yeye yuko ndani anasikia. Muulize kwa upole anataka kujua kiasi gani juu ya ugonjwa wake. Akitaka maombi, aombewe. Akitaka dawa ya kienyeji, mweleze nesi ni ipi. Timu nzuri haitamkataza kuomba, na haitakuahidi kumponya. Anayekuahidi kuponya kansa iliyoenea ukimlipa kwanza, mwache. Mara nyingi tumesikia mgao wa chakula cha nyumba nzima ukiishia mikononi mwa watu wa namna hiyo, huku mgonjwa akiwa na maumivu yaleyale.

Siku mama atakapofariki, mofini iliyobaki irudishwe kwa nesi au kituo cha afya, usiimwage, usiiuze. Mpigie nesi umwambie. Uliza kama timu yao hurudi kuwaona waliofiwa, hasa kama kuna watoto waliomuuguza bibi yao.

[Muziki wa kufunga]