Hemoglobini

Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya seli nyekundu za damu, nayo ndiyo inayoipa damu rangi yake. Kazi yake kuu ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuisambaza mwilini. Pamoja na hiyo, hurudisha mapafuni sehemu ya dioksidi kabonia na huzuia damu isizidi asidi. Huziweza kazi hizo zote kwa sababu umbo lake hubadilika.

Umbo

Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne ya asidi amino: miwili ya alfa na miwili ya beta. Kila mnyororo una atomu moja ya chuma inayoshika molekuli moja ya oksijeni. Mnyororo mmoja ukishika oksijeni, protini nzima hulegea na minyororo mingine hushika kwa urahisi zaidi. Max Perutz, aliyechunguza umbo hilo, alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1962 pamoja na John Kendrew.

Kazi

Msukuma mkokoteni wa Kariakoo anapopandisha mzigo, misuli yake hutoa joto, asidi na dioksidi kabonia kwa wingi. Hali hiyo huikaza hemoglobini, nayo huachia oksijeni pale pale inapohitajika, kisha hushika sehemu ya asidi na dioksidi kabonia. Mapafuni mambo hugeuka: huviachia hivyo na kushika oksijeni upya.

Ugonjwa wa selimundu

Katika selimundu, asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta, yaani asidi glutamiki, imebadilishwa na valini. Hemoglobini ikiwa imejaa oksijeni, badiliko hilo halionekani. Ikishaiachia, umbo lake hufunua nafasi ambamo valini ya molekuli jirani hunasa. Molekuli hushikana kuwa nyuzi ndefu, seli hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mgonjwa hupata maumivu makali na upungufu wa damu.

Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu nchini Tanzania kila mwaka. Huko Muhimbili, katika eneo la Upanga jijini Dar es Salaam, watafiti akiwemo Profesa Julie Makani wamefuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004.

Dalili kwa kawaida hazionekani katika miezi ya kwanza, kwa kuwa mtoto mchanga bado ana hemoglobini ya tumboni, ambayo ina minyororo ya gama badala ya beta. Dawa ya hidroksiurea huusaidia mwili kuitengeneza tena hemoglobini hiyo.

Mtu aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Lakini wazazi wawili wa namna hiyo wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa mtoto mwenye selimundu. Kipimo cha damu huonyesha hali hiyo mapema.