Mpira wa maji unavyofichua uongo wa kipima mwendo cha ndege ndogo

Spidomita ya bodaboda husoma mzunguko wa tairi. Ndege ikiwa angani haina tairi linalogusa chini, hivyo hupima mwendo kwa nguvu ya hewa inayoipiga usoni. Kipimo hicho kikidanganya kwa kilomita chache tu, rubani anaweza kuanguka huku akiamini yuko salama.

Wakazi wa Balangdalalu, Basotu na Haydom si wageni wa ndege ndogo, kwani hospitali ya Haydom ina kiwanja chake. Morogoro nako, kampuni ya Airplanes Africa Limited huunganisha ndege za viti viwili aina ya Skyleader. Na huko duniani, maelfu ya watu hujijengea ndege zao gereji. Wote hao lazima wajibu swali moja: mshale unasema kweli?

Kinafanyaje kazi?

Kuna kibomba chembamba kinachotazama mbele, kinaitwa pitoti. Ndege ikikimbia, hewa husukumwa ndani yake. Tundu jingine, mara nyingi ubavuni, hupokea hewa iliyotulia. Kipima mwendo hulinganisha hewa hizo mbili, na tofauti yake ndiyo inayosogeza mshale.

Kwa nini kosa dogo ni hatari?

Kila ndege ina mwendo wa chini kabisa. Ukishuka hapo, mabawa hayawezi tena kubeba uzito, na ndege hudondoka. Marubani huita hali hiyo stoli. Mshale ukisoma juu kuliko ukweli, rubani anayekuja kutua hudhani ana mwendo wa kutosha, kumbe hana.

Kupima chini, kwa maji

Hapa ndipo unapoingia mpira wa maji, ule unaoonekana ndani ambao mafundi ujenzi hutumia kupata levo ya msingi. Unakunjwa kama herufi U na kujazwa maji nusu. Upande mmja unaachwa wazi, mwingine unaunganishwa na pitoti pamoja na mpira mwingine uliofungwa mwisho. Huo wa pili ukikunjwa taratibu, hewa inasukumwa na maji yanapanda upande ulio wazi.

Fundi anapima kwa rula tofauti ya maji pande mbili. Kwa hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, hesabu ni hizi:

- Kilomita 50 kwa saa: milimita 12
- Kilomita 100 kwa saa: milimita 48
- Kilomita 150 kwa saa: milimita 108
- Kilomita 200 kwa saa: milimita 193

Angalia: mwendo ukiongezeka mara mbili, maji hupanda mara nne. Kwa hiyo mwendo wa chini, ambao ndio wa hatari, unapimwa kwa milimita chache sana.

Halafu mpira unabanwa na kuachwa dakika moja. Mshale ukishuka wenyewe, kuna sehemu inavuja. Na kamwe usipulize kwa mdomo: pumzi ya mtu inazidi kwa mbali nguvu hiyo na inaweza kuharibu kipimo.

Kupima angani

Kipimo kinaweza kuwa kizima lakini matundu yakawa yamewekwa vibaya. Hilo linajulikana kwa kuruka tu. Rubani anakwenda moja kwa moja na upepo, kisha anageuka kuukabili, mshale ukibaki palepale. GPS inasoma mwendo wa ardhini. Ikionyesha 118 kwenda na 92 kurudi, wastani ni 105. Upepo umejifuta wenyewe.

Lakini subiri, kuna hesabu ya mwinuko. Kwenye mita 1,500 juu ya bahari hewa ni nyepesi, hivyo mshale ukisema 100, mwendo halisi angani unapaswa kuwa karibu 108. Kama GPS imetoa 105, mshale unatia chumvi kwa kilomita mbili hadi tatu. Rubani huandika sahihisho hilo kwenye kadi na kulibandika mbele yake.

Hii pia inaeleza kwa nini nyanda za juu kama za Hanang zinahitaji kiwanja kirefu zaidi. Mshale unasoma kama ungekuwa Dar es Salaam, lakini magurudumu yanagusa ardhi kwa kasi kubwa zaidi.

Nyigu naye ni adui

Februari 6, 1996, ndege ya Birgenair aina ya Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Watu wote 189 walikufa. Kipima mwendo cha rubani mkuu kilitoa namba za uongo. Wachunguzi walishuku kuwa pitoti ilizibwa na nyigu wanaojenga kwa udongo, kwani ndege ilikuwa imeegeshwa siku kadhaa bila vifuniko.

Nyigu hao wapo hata kwenye kuta za nyumba zetu. Ndiyo maana pitoti hufunikwa kila ndege inapolala, na kifuniko huwa na kitambaa chekundu ili rubani asisahau kukitoa.

Kwa anayeota kujenga ndege yake Tanzania, ruhusa ya kuruka hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Mpira wa maji na rula vinafanya kazi chini, kabla ya ndoto hiyo kuondoka ardhini.