Jarida Linapomlipia Mtafiti Nauli

Uchapishaji wa majarida ya kisayansi una utaratibu ambao wengi walio nje ya vyuo vikuu hawaujui. Mtafiti akimaliza kazi yake ya maabara huiandikia makala na kuipeleka kwenye jarida, wala halipwi. Mhariri huwapelekea wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo waihakiki, nao kwa kawaida hawalipwi. Makala ikishachapishwa, ama maktaba za vyuo hulipa ada ya kila mwaka ili walimu na wanafunzi waisome, ama mwandishi hutozwa ada ili isomwe bure na kila mtu. Fedha basi zipo, na si haba. Anayeitakia sayansi mema hana budi kuuliza: zikishakusanywa, zinakwenda wapi?

Katika majarida mengi zinakwenda kwa wenye hisa wa kampuni za uchapishaji. Lakini ipo njia nyingine, na mfano mzuri wa njia hiyo ni Shirikisho la Vyama vya Baiokemia vya Ulaya, linalojulikana kwa kifupi kama FEBS.

Baiokemia ni elimu ya kemia ya viumbe hai: jinsi seli inavyovunja sukari ipate nishati, protini inavyojikunja na kupata umbo lake, dawa inavyozuia kimeng'enya cha kijidudu kisifanye kazi. Katikati ya karne iliyopita nchi za Ulaya zilikuwa na vyama vya wataalamu wa elimu hii, lakini kila kimoja kilikaa kivyake. Chama cha Uingereza kilikuwapo tangu 1911 na kilikuwa na nguvu. Vingine vilikuwa vichanga, vyenye wanachama wachache na mfuko mwembamba. Zaidi ya hapo, bara lenyewe lilikuwa limegawanyika, Mashariki na Magharibi.

FEBS iliundwa mwaka 1964 ikavipokea vyama vya pande zote mbili. Ukitaka kuona nia ya waasisi wake, tazama miji waliyokutania: London mwaka 1964, Vienna 1965, Warsaw 1966, Oslo 1967, kisha Prague Julai 1968, mwezi mmoja tu kabla ya vifaru vya Mkataba wa Warsaw kuingia katika mji huo. Kwa mtafiti wa Poland au Czechoslovakia, ambaye kupata ruhusa ya kusafiri kwenda Magharibi kulikuwa kazi ngumu, kongamano lililomfuata nyumbani lilikuwa na thamani kubwa. Wenzake aliokuwa akiwasoma kwenye karatasi aliweza kuwauliza maswali ana kwa ana.

Mikutano, hata hivyo, hula fedha, na ada za vyama wanachama hazikuweza kubeba mzigo huo. Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi uliolipa shirikisho uti wa mgongo: liwe na majarida yake lenyewe. Mwaka 1967 jarida la Kijerumani Biochemische Zeitschrift, lililoanzishwa na Carl Neuberg mwaka 1906, liligeuzwa kuwa European Journal of Biochemistry chini ya FEBS; tangu 2005 linaitwa The FEBS Journal. Mwaka 1968 likaanza FEBS Letters, la makala fupi zinazohitaji kutoka upesi. Molecular Oncology, la utafiti wa saratani, likafuata mwaka 2007, na FEBS Open Bio mwaka 2011. Shughuli za uchapishaji za majarida haya manne hufanywa na kampuni ya Wiley, lakini mwenye mali ni FEBS, shirika la hisani lililosajiliwa Uingereza. Halina mwenye hisa wa kumgawia faida, kwa hiyo faida hurudi kwa watafiti.

Hurudi kwa njia kadhaa, na ya kwanza ni ufadhili wa safari. Chukua mwanafunzi wa uzamivu wa Sofia au Yerevan ambaye utafiti wake umekwama kwa sababu maabara yake haina mashine fulani, au hakuna anayeijua mbinu fulani. Ufadhili wa muda mfupi wa FEBS humlipia nauli na malazi akakae wiki kadhaa au miezi michache katika maabara ya nchi nyingine. Anayetazama kwa mbali ataona ni msaada mdogo. Aliyewahi kufanya kazi ya maabara anajua uzito wake: namna ya kusafisha protini bila kuiharibu, au ya kukuza fuwele zake mpaka zifae kupigwa eksirei, imeandikwa vitabuni, lakini mkono huizoea pale tu unapokaa karibu na anayeijua. Mwanafunzi yule akirudi, ujuzi unaenea kwa wenzake wote wa maabara, na kwa watakaokuja baada yao.

Njia ya pili ni kozi. Tangu miaka ya 1960 shirikisho limekuwa likigharimia kozi za juu zinazofundishwa na mabingwa wa fani mbalimbali, nyingine za mihadhara na nyingine za vitendo. Kisiwa cha Spetses nchini Ugiriki kimejulikana kwa miaka mingi kwa kozi za aina hiyo. Kijana asiye na uwezo wa kujilipia huweza kuomba msaada wa kuhudhuria. Vivyo hivyo, kabla ya kongamano kuu hufanyika jukwaa la watafiti chipukizi. Waliochaguliwa huwasilisha kazi zao wenyewe kwa wenyewe, kisha hubaki kwenye kongamano lenyewe, gharama zao zikiwa zimelipwa.

Sehemu ninayoithamini zaidi ya mpango huu ni jinsi unavyovijenga vyama vyenyewe. Hakuna anayejiunga na FEBS moja kwa moja kama mtu binafsi. Mtu hujiunga na chama cha nchi yake, na kwa uanachama huo akawa tayari ndani ya shirikisho, pamoja na wenzake zaidi ya 35,000. Anayeomba ufadhili lazima awe mwanachama wa chama chake cha taifa. Sharti hilo linampa mhadhiri kijana sababu ya kulipa ada ya chama hata kama chama chenyewe ni kidogo. Chama nacho kinapata wanachama, kinapata sauti, na mikutano yake ya mwaka inajaa.

Tena shirikisho hugharimia mhadhara mkuu katika mkutano wa chama cha taifa, na chama ndicho kinachopendekeza mzungumzaji. Vyama vitatu au zaidi vya nchi vikiamua kufanya mkutano wa pamoja, upo mfuko wa kuvisaidia. Na kongamano kuu huandaliwa na chama mwenyeji. Shirikisho linaloelewa kazi yake haliwanyang'anyi wanachama wake shughuli zao. Huwapa nyenzo za kuzifanya vizuri zaidi.

Uzito wa kuwa na mfuko wa pamoja huonekana zaidi siku ya dhiki. FEBS hutoa medali yenye jina la Hans Krebs, aliyebainisha mwaka 1937 mzunguko wa asidi ya sitriki, njia ambayo seli zetu huitumia kupata nishati kutoka kwenye chakula. Krebs alikuwa Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1933 sheria za Wanazi zilimfukuza kazi Freiburg, na Frederick Gowland Hopkins akampokea Cambridge. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1953, alipata tuzo ya Nobel. Kama asingepata wa kumpokea, elimu ile ingechelewa, na huenda tungempoteza yeye mwenyewe. Dhiki ya namna hiyo ilirudi Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, na FEBS ilianzisha ufadhili maalumu wa muda mfupi kwa watafiti wa Ukraine wapate mahali pa kuendelea na kazi zao. Hatua kama hiyo huchukuliwa haraka na shirika lenye akiba yake mkononi na vyama vinavyojuana tangu zamani.

Mpango huu una hatari zake. Umesimama juu ya mapato ya majarida, na biashara ya majarida inabadilika. Mwaka 2018 kundi la wafadhili wa utafiti, wengi wao wa Ulaya, lilitangaza Mpango S, unaotaka makala zote za utafiti wanaougharimia zisomwe bure. Lengo hilo ni jema, hasa kwetu Afrika ambako maktaba nyingi hazimudu ada za majarida. Lakini ada ya maktaba inapoondoka na mahali pake kuchukuliwa na ada ya mwandishi, vyama na mashirikisho hulazimika kushindana na kampuni kubwa zenye mamia ya majarida. Jarida la chama likikosa makala, wa kwanza kuumia ni yule mwanafunzi aliyekuwa akingoja nauli.

Afrika nayo ina shirikisho la fani hii. Shirikisho la Vyama vya Baiokemia na Biolojia ya Molekuli vya Afrika lilianzishwa mwaka 1996, na Nairobi ikawa mwenyeji wa kongamano lake la kwanza. Wataalamu tunao, vyama tunavyo, na vijana wenye kiu ya elimu ni wengi. Tusichonacho bado ni chanzo cha mapato cha kudumu. Makongamano yakitegemea wafadhili wa nje, mfadhili akibadili vipaumbele vyake, kozi huweza kufutwa. Wakati huohuo watafiti wetu hutoa makala zao na saa zao za kuhakiki kwa majarida ya kibiashara ya ng'ambo, kisha miradi yao hutozwa ada za kuchapisha.

Mbegu ya mwelekeo mwingine ipo. East African Medical Journal, lenye mizizi katika miaka ya 1920, ni mali ya Chama cha Madaktari cha Kenya. Majarida ya namna hiyo yanahitaji mambo ambayo yako ndani ya uwezo wetu. Kamati za kupandisha vyeo vyuoni ziipe makala iliyohakikiwa vizuri katika jarida la hapa uzito unaostahili ubora wake. Maprofesa wetu wayapelekee baadhi ya kazi zao nzuri, na wakiombwa kuhakiki wasiyaweke mwisho wa foleni. Vyama vitunze madaftari ya wanachama na hesabu zilizo wazi, na kila shilingi inayobaki itengewe jina: nauli ya mwanafunzi fulani, kozi fulani, mhadhara fulani. FEBS ilianza na vyama vilivyozidiana nguvu na bara lililogawanyika. Ilichofanya ni kuamua mapema kwamba jasho la watafiti liwanufaishe watafiti, na uamuzi wa namna hiyo vyama vyetu vinaweza kuufanya katika mkutano mkuu ujao.