Mbingu ya Mawaleh nayo ina Msukosuko wake

Jamaa zetu wa Uingereza walipotuma picha za mbingu ya waridi na kijani usiku wa tarehe 10 Mei 2024, sisi wa Mawaleh, Muscat, tuliuliza: mbona kwetu giza tupu?

Dhoruba ya sumaku iliyoleta rangi hizo ilikuwa ya kwanza kufikia G5, daraja la juu kabisa, tangu Oktoba 2003. Ila rangi ni sehemu ndogo tu ya mambo. Upepo wa jua ukipita kwenye uga wa sumaku wa dunia huzaa uga wa umeme, unaoshuka hadi karibu na ncha za dunia, kimo cha kilomita 100 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi mno, lakini yatosha kuzikwamisha ioni. Elektroni hazikwami, hukimbia zikaziacha. Tofauti ya mwendo ikizidi mita 400 hivi kwa sekunde, mkondo huvurugika ukawa mawimbi ya mita chache, na elektroni hupata joto kali. Donald Farley na Oscar Buneman walilieleza hili mwaka 1963, kila mmoja kivyake. Farley wala hakuanzia kwenye ncha: alitaka kuelewa mwangwi wa rada kutoka anga ya ikweta ya sumaku, kule Peru.

Ikweta hiyo Afrika Mashariki hupita Ethiopia, si Kenya. Mchana, uga wa umeme huinua ioni na elektroni juu yake, kisha chembe hizo huteremka na kurundikana kiasi cha digrii 15 kaskazini na kusini. Muscat iko karibu na rundo la kaskazini. Jua likitua, tabaka la chini la chembe hizo hufifia na mapovu makubwa yenye chembe chache hupanda, hasa karibu na Machi na Septemba. Mawimbi ya GPS yakipita humo hutetemeka.

Mwambao wa Kenya uliwahi kushiriki kuupima umeme huu, na sidhani wengi wanajua. Tarehe 25 Machi 1988, kutoka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti yenye chombo cha kupima uga wa umeme juu ya ikweta. Iliungua Desemba mwaka uleule. Pale haikurushwa nyingine tena.

Dereva anayetafuta njia ya Seeb kwa GPS hatahisi mtetemo huo. Mpima ardhi anayetaka usahihi wa sentimita ndiye huhangaika baada ya magharibi.